Kilio Hutangulia Hukumu: Haki ya Mungu katika Maandiko ya Kikristo

Mwalimu wa Kiswahili akiingia darasani, akaandika ubaoni neno HUKUMU, kisha akawataka wanafunzi wake waseme neno hilo lawakumbusha nini, majibu atakayopata hayatamshangaza. Watamwambia jela, faini, kiboko, kitanzi. Wale waliolelewa kanisani wataongeza moto wa milele. Ni nadra kumpata mwanafunzi atakayejibu kwamba hukumu ni siku ambayo mjane hurudishiwa shamba lake. Wala hatuwezi kumlaumu mwanafunzi, kwani lugha yetu yenyewe imetuzoeza kufikiri hivyo. Tukisikia kwamba mtu fulani amehukumiwa, hatuulizi kama alishinda au alishindwa. Twauliza ni miaka mingapi.

Katika makala haya tumekusudia kulifuata neno hilo, pamoja na ndugu yake haki, katika Maandiko ya Kikristo tangu vitabu vya kale hata kitabu cha mwisho. Hatuandiki mahubiri, wala hatutaki kumvuta msomaji kwenye dini asiyoifuata. Wengi wa walimu wenzetu ni Waislamu, nao wana elimu yao pana juu ya siku ya kiama. Twaandika kwa kuwa Biblia ni miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana kwa Kiswahili katika nchi zetu, na maneno yake yametia rangi lugha ya mahakama, ya siasa na ya nyumbani. Mwalimu asiyejua maneno hayo yametoka wapi atayafundisha kwa upande mmoja tu.

Hoja yetu ni moja. Katika Maandiko, hukumu haianzi na adhabu. Huanza na kilio. Kwanza kuna mtu anayelia, kisha kuna anayemsikia, halafu shauri huchunguzwa, na hapo ndipo huja uamuzi. Adhabu, kama ipo, huja nyuma ya hayo yote.

Kadhi wa Mombasa na kitabu cha Mwanzo

Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Mwaka huo huo alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga, lakini hakuondoka. Alianza kujifunza Kiswahili na kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, na katika kazi hiyo alisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Aliyemsaidia mgeni huyo kuyapata maneno ya Kiswahili alikuwa hakimu wa sheria ya Kiislamu, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wenye mashauri. Maneno ya haki, hukumu, dhuluma, shahidi na mizani yalikuwa yamekwisha kuota mizizi pwani karne nyingi kabla ya Krapf kutia nanga. Watu wa Lamu, Pate na Mombasa walikuwa wakiimba tendi juu ya mauti na hesabu ya matendo. Na Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ulikuwa umekwisha kuufanya uharibifu wa majumba ya Pate kuwa onyo kwa roho. Tafsiri ya Biblia haikuleta wazo la hukumu ya Mungu katika Kiswahili. Ililikuta, ikaliazima.

Na katika kitabu hicho cha Mwanzo, sura ya 18, mna habari ambayo kadhi yeyote angeitambua. Kilio juu ya Sodoma na Gomora kimemfikia Mungu. Naye hatoi hukumu kwa kusikia tu. Asema atashuka aone kama mambo ndivyo yalivyo. Hapo Ibrahimu anasimama mbele yake na kumhoji: je, yule aliye mwamuzi wa dunia yote ataacha kutenda haki, awaangamize wema pamoja na waovu? Ndipo anaanza kupunguza hesabu, kutoka watu 50 hata 10, na kila mara anakubaliwa.

Msomaji aone mambo matatu katika kisa hiki. La kwanza, kilio ndicho kinachofungua shauri. La pili, uchunguzi hutangulia uamuzi, hata kwa Mungu ambaye hakosi kujua. La tatu, binadamu anaruhusiwa kumkumbusha Mungu haki, wala hapigwi kwa kuthubutu. Mambo haya matatu yatarudi mara nyingi.

Mwamuzi chini ya mtende

Katika Kiebrania, lugha ya sehemu kubwa ya Agano la Kale, neno la hukumu ni mishpat, nalo latokana na kitenzi shafat. Neno la haki ni tsedaka. Mtu afanyaye kazi ya shafat huitwa shofet, na hao ndio waliokipa jina lake kitabu cha Waamuzi.

Watafsiri wa Biblia ya Muungano, ile iliyokamilika mwaka 1952, walipokiita kitabu hicho Waamuzi walichagua vema kuliko wengi wetu tunavyotambua. Wangeweza kusema Mahakimu au Makadhi. Lakini mashujaa wa kitabu hicho hawakuwa watu wa kukaa kortini na majoho. Walikuwa watu walioinuka wakati taifa lilipolia chini ya maadui, wakalitoa katika taabu. Debora, mmoja wao, alikuwa akiketi chini ya mtende katika nchi ya milima ya Efraimu, kati ya Rama na Betheli, na watu wakimwendea awaamue. Naye huyo huyo ndiye aliyeagiza vita vya kuwaokoa. Kuamua na kuokoa vilikuwa kazi moja.

Neno letu kuamua lafaa sana hapa. Mtu akiwakuta wawili wanapigana njiani, akaingia kati na kuwatenganisha, twasema amewaamua. Hakumfunga yeyote wala kumtoza faini. Amemwondoa mnyonge chini ya ngumi za mwenye nguvu. Wanafunzi wetu wa Uganda hulielewa neno hili upesi, kwa kuwa katika Luganda hakimu ni omulamuzi, na kitenzi chake, okulamula, ni ndugu wa kuamua. Na Wanyarwanda humwita hakimu umucamanza, yaani mkata mashauri. Basi wakisikia Mswahili akisema kukata shauri hawaoni ugeni wowote. Lugha zetu za Kibantu zimehifadhi maana ambayo neno hukumu, katika mazungumzo ya kila siku, limeanza kuipoteza.

Hata neno haki lina siri yake. Mtu mwenye haki ni nani? Barazani ni yule ambaye katika shauri hili ukweli uko upande wake: shamba ni lake, deni analodai ni la kweli. Kanisani ni mtu mwema, mcha Mungu. Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba hapa Kiswahili kimechanganya mambo. Sivyo. Neno la Kiebrania tsadik nalo lina maana zote mbili. Yuda alipotaka mkwewe Tamari achomwe moto, kisha akaonyeshwa vitu vyake mwenyewe alivyomwachia rehani, alikiri kwamba Tamari alikuwa na haki kumpita yeye. Hakusema kwamba Tamari alikuwa mtakatifu. Alisema kwamba katika shauri lile, mwanamke yule alikuwa amedhulumiwa, na mdhalimu alikuwa yeye.

Mahakama inapogeuka kuwa silaha

Lakini itakuwaje ikiwa waamuzi wenyewe ndio wadhalimu? Swali hili lilizuka pale Israeli ilipokuwa na wafalme. Kisa kinachojulikana sana ni cha Nabothi wa Yezreeli, katika karne ya 9 K.K. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu. Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Ndipo malkia Yezebeli akaandika barua kwa muhuri wa mfalme. Baraza likaitishwa, mashahidi wawili wa uongo wakaketishwa, shtaka likasomwa, na Nabothi akapigwa mawe hadi kufa. Kila kitu kilifanyika kwa taratibu: wazee walikuwapo, mashahidi walikuwapo, na uamuzi ulitolewa. Kilichokosekana ni haki. Mfalme alipokwenda kulimiliki shamba alimkuta nabii Eliya akimngojea humo humo. Kwa hiyo Maandiko yanafundisha kwamba iko mahakama ya rufani juu ya mahakama za wafalme.

Yapata mwaka 760 K.K., katika zama za mfalme Yeroboamu wa pili, alitokea mtu aliyelisema jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko wote waliomtangulia. Amosi alikuwa mchungaji wa kijiji cha Tekoa, kusini mwa Bethlehemu, na mtunza mikuyu. Hakuwa mwana wa chama chochote cha manabii. Alikwenda kaskazini mpaka Betheli, penye hekalu la mfalme, wakati nchi ilipokuwa na ustawi mwingi, na huko alizungumza kwa ustadi ambao mwalimu yeyote wa balagha angeupenda.

Alianza na majirani. Aliitaja Dameski na ukatili wake. Gaza na Tiro, waliowakamata watu na kuwauza mateka kwa Edomu. Kisha Edomu yenyewe, Amoni na Moabu. Twaweza kuwaona wasikilizaji wakitikisa vichwa kwa kuridhika, kwani ni nani asiyependa kusikia jirani akihukumiwa? Kisha akaitaja Yuda, na hatimaye, wakati wote wamekwisha kukubali kwamba Mungu huhukumu mataifa, akawageukia Israeli wenyewe. Shtaka lao? Kuwauza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Kupunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Kupokea rushwa na kumnyima haki mhitaji langoni, yaani pale mahakama ilipokaa.

Watu wa wakati huo waliingojea Siku ya Bwana kama sikukuu ya ushindi wao. Amosi akawaambia kwamba kwao itakuwa giza wala si nuru. Hili ni jambo kubwa katika historia ya wazo hili: hukumu haikuwa tena silaha ya taifa moja dhidi ya mengine. Mizani ikawa moja kwa wote. Kuhani Amazia alimfukuza Amosi, akimwambia akale mkate wake katika nchi ya Yuda. Mwaka 722 K.K. Waashuri waliiteka Samaria.

Isaya wa Yerusalemu, aliyefuata muda mfupi baadaye, aliliweka jambo hilo katika fumbo la maneno. Alisimulia habari ya mwenye shamba aliyelitunza kwa bidii lakini likazaa zabibu za mwitu. Kisha akafichua maana yake kwa maneno yanayokaribiana sauti: Mungu alitazamia mishpat, hukumu ya haki, akaona mispah, umwagaji wa damu, alitazamia tsedaka, akasikia tseaka. Na tseaka ni nini? Ni kilio. Ni neno lile lile linalotajwa katika habari ya Sodoma, na la jamii moja na lile la watumwa waliolia Misri katika kitabu cha Kutoka. Hakuna tafsiri ya Kiswahili iliyoweza kuuhifadhi mchezo huo wa sauti, wala hatuwalaumu watafsiri. Ila mwalimu akiueleza darasani, wanafunzi wataona kwamba kwa Isaya haki na kilio vimetenganishwa na herufi moja tu: pale haki inapokosekana, kilio hushika nafasi yake.

Zabibu chungu na meno ya watoto

Mnamo mwaka 586 K.K. Wababeli waliuteketeza mji wa Yerusalemu na hekalu lake, na watu wengi walipelekwa uhamishoni. Miongoni mwa waliohamishwa ulienea msemo uliosema kwamba baba ndio waliokula zabibu chungu, bali meno yaliyotiwa ganzi ni ya watoto. Maana yake ni wazi: sisi twalipa madeni ya waliotutangulia, basi haki iko wapi?

Nabii Ezekieli aliukataa msemo huo. Kila mtu, alifundisha, ataulizwa habari za mwenendo wake mwenyewe. Mwana hatauchukua uovu wa baba, wala baba uovu wa mwana. Na mwovu akigeuka ataishi, kwa kuwa Mungu hafurahii kufa kwake. Sisi pia tunazo methali za namna ile. Twasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Twasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hizi hufaa pengine kuwaonya watu juu ya marafiki wabaya, lakini zikiingia katika shauri huwa hatari kubwa. Nchi zetu zinajua yaliyotokea pale ambapo watu walihukumiwa kwa kabila, kwa jina au kwa baba zao. Ezekieli anatukumbusha kwamba methali nayo yaweza kushtakiwa.

Hata hivyo swali moja lilibaki. Ikiwa kila mtu hupata kwa kadiri ya matendo yake, mbona mwema huteseka? Kitabu cha Ayubu kilijitwika swali hilo. Kisa chake kinajulikana pande zote za pwani, kwani Waswahili wana Utendi wa Ayubu tangu kale. Ayubu wa Biblia, zaidi ya kuvumilia, anadai shauri lake lisikizwe. Analalamika kwamba hakuna mwamuzi wa kuweka mkono juu yake na juu ya Mungu. Rafiki zake wanamtetea Mungu kwa kumsingizia Ayubu: umeteseka, basi umekosa. Na mwishoni, ajabu ni hii, Mungu anawakasirikia wale watetezi wake, na kusema kwamba aliyenena sawasawa ni Ayubu. Kwa hiyo kitabu hiki kinalifunga kabisa neno la wale wanaomwona mgonjwa, maskini au aliyefiwa, kisha wakasema kwamba ni hukumu ya Mungu.

Hukumu yavuka kaburi

Kwa muda mrefu manabii walitazamia haki itendeke hapa duniani, mbele ya macho ya walioonewa. Lakini katika miaka ya 167 hata 164 K.K. mfalme Antioko wa nne aliwapiga marufuku Wayahudi wasishike sheria yao, na waliokataa waliuawa. Hapa jibu la zamani halikutosha. Hao hawakufa kwa sababu ya kosa. Walikufa kwa sababu ya uaminifu. Ikiwa mauti ndiyo mwisho wa shauri, basi muuaji ndiye aliyeshinda.

Ndipo kitabu cha Danieli, ambacho wataalamu wengi hukiweka katika miaka hiyo, kinaonyesha viti vya enzi vikiwekwa, na vitabu vikifunguliwa, na wengi waliolala mavumbini wakiamka. Jina lenyewe Danieli maana yake ni kwamba mwamuzi wangu ni Mungu. Msomaji wa Kiswahili ataona jinsi neno kiama linavyofaa hapa, kwani kwa asili yake ya Kiarabu ni kusimama, kuinuka. Siku ya kiama, kabla ya kuwa siku ya kutisha, ni siku ambayo waliolazwa kwa dhuluma husimama tena wapate kusikizwa.

Mjane, kondoo na mbuzi

Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na humo hukumu ni krisis, neno lenye maana ya kupambanua, kutenga hiki na kile. Yesu, katika Injili ya Luka, anasimulia habari ya mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mjane hana fedha wala mtetezi. Ana mdomo wake na miguu yake tu. Anakwenda na kurudi mpaka kadhi anachoka, akamwamulia. Basi, wasikilizaji wanaulizwa, ikiwa dhalimu huyo alimsikia, je, Mungu hatawasikia wanaomlilia mchana na usiku? Mwanamke huyu haiogopi hukumu. Anaililia. Anataka siku yake ifike upesi.

Katika Mathayo 25 hukumu ya mataifa yote yafananishwa na mchungaji anayetenga kondoo na mbuzi. Mashtaka ni sita tu, nayo ni ya kawaida mno: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Hakuna anayeulizwa kabila lake wala cheo chake. Na pande zote mbili zinashangaa, kwa kuwa hazikujua kwamba aliyekuwa akilia mlangoni alikuwa hakimu mwenyewe. Hapo mpango wa kale umefika kileleni: mwamuzi hasikii kilio kwa mbali tena, bali anasimama mahali pa anayelia.

Waraka wa Yakobo waongeza kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa na matajiri wenyewe unapiga kelele. Na mtume Paulo, katika waraka kwa Warumi, anageuza upande mwingine wa neno haki: Mungu si kwamba anayo haki tu, bali humpa haki mkosaji asiyeweza kujipatia. Ndiyo sababu Biblia ya Muungano yazungumza juu ya kuhesabiwa haki. Martin Luther alieleza mwaka 1545 jinsi maneno haki ya Mungu yalivyomtia hofu na chuki katika ujana wake, mpaka alipoyaelewa kuwa ni kipawa badala ya fimbo. Kosa lake la kwanza lilikuwa lile lile la wanafunzi wetu: alilisikia neno, akaona kiboko.

Kitabu cha mwisho, Ufunuo, kwa mapokeo ya kale chatoka katika zama za Kaisari Domitian, aliyetawala tangu mwaka 81 hata 96, na mwandishi wake alikuwa kisiwani Patmo. Humo roho za waliouawa zinalia kutoka chini ya madhabahu, zikiuliza ni hata lini. Kisha, katika sura ya 18, mji mkuu wa kidhalimu, uitwao Babeli, unaanguka, na wafanyabiashara wanaulilia. Wanalilia nini? Shehena zao. Mwandishi anazitaja bidhaa 28, akianza na dhahabu na fedha. Mna vyombo vya pembe, mdalasini, uvumba, mvinyo na ngano. Na mwishoni kabisa, baada ya farasi na magari, mna miili ya watu na roho zao. Orodha hiyo yatosha kuwa hati ya mashtaka.

Unguja, mwaka 1873

Msomaji wa Afrika Mashariki akiisoma orodha hiyo hawezi kukaa kimya. Pembe, viungo vyenye harufu, na watu: hizo zilikuwa shehena za Unguja katika karne ya 19. Edward Steere alifika huko mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, naye ndiye aliyeongoza kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiunguja. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba, na mahali pale pale, Mkunazini, Steere akasimamia ujenzi wa kanisa kuu. Tafsiri ya Agano Jipya ilikamilika mwaka 1879, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891, baada ya Steere kufariki mwaka 1882. Wengi wa waliojifunza kusoma katika shule za misheni ile walikuwa watoto waliokombolewa kutoka majahazini. Kwa msomaji wa namna hiyo, habari ya watu waliouzwa kwa thamani ya viatu haikuwa mfano wa kale. Naye, aliposoma kwamba wenye shehena watahukumiwa, hakuwa na sababu ya kudhani kwamba habari hiyo ni mbaya.

Maandiko hayo ya Kiswahili yalisafiri bara. Huko Buganda, ambako Alexander Mackay alifika mwaka 1878, wafuasi wa kwanza waliitwa wasomaji, na kabla ya kuwa na vitabu vya kutosha vya Luganda walisoma Injili kwa Kiswahili. Kati ya mwaka 1885 na 1887 wengi wao waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kundi kubwa liliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Swali la Danieli na la Ufunuo lilikuwa limekwisha kuwafikia, na limewafikia katika lugha yetu.

Baada ya hapo watafsiri waliendelea kuyapima maneno. Wa Mombasa walitoa Biblia ya Kimvita mwaka 1914. Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu. Muungano wa mwaka 1952 uliyarudisha mengi. Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977, ilipenda kusema uadilifu mahali ambapo Muungano ulisema haki. Mabishano haya si ya wataalamu peke yao. Kila neno linalochaguliwa humwelekeza msomaji ama kwa yule anayelia, ama kwa yule anayeadhibiwa.

Neno kwa walimu wenzetu

Twajua kwamba wako watakaotujibu kwamba Maandiko hayohayo yana moto, kiberiti na kusaga meno. Ni kweli, wala hatutaki kuyafuta. Lakini tuyasome mahali yalipo, na tuulize kila mara yanaambiwa nani. Mara nyingi anayeambiwa ni yule aliyeziba masikio. Kwa tajiri aliyemwacha Lazaro mlangoni pake hukumu ni moto. Kwa Lazaro ni kifua cha Ibrahimu. Siku ni moja. Tofauti iko katika upande ambao kila mtu alisimama wakati kilio kilipopigwa.

Basi tutakapofundisha maneno haya, tusiridhike na kuandika ubaoni kwamba hukumu ni adhabu. Tuwaonyeshe wanafunzi ukoo mzima wa neno: hukumu, hakimu, mahakama, na hekima pia, kwa kuwa yote yatoka katika shina moja la Kiarabu, na hakimu asiye na hekima ameusaliti ukoo wake. Tuweke kando yake kuamua, mwamuzi na maamuzi, watoto wa Kibantu. Tuwaulize wanafunzi mwenye haki ni nani, na tusubiri majibu mawili. Kisha tuwape kisa cha mjane na kadhi wakieleze kwa maneno yao wenyewe, kwanza kwa sauti ya kadhi, halafu kwa sauti ya mjane.

Wengi wao watarudi nyumbani na kukuta mashauri ya kweli: mpaka wa shamba uliosogezwa usiku, mshahara uliozuiliwa, yatima aliyenyang'anywa urithi na baba mdogo. Ikiwa tumewafundisha vema, hawatauliza kwanza nani aadhibiwe. Watauliza ni nani aliyelia, na kama yuko aliyemsikia.